Kosa la Simu Lisisubiri Ajali: Barua ya Wazi Kutoka Kihagara

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani, na Waheshimiwa wabunge mnaotuwakilisha Mbinga na Nyasa,

Naandika kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa kuomba jambo moja: kitendo cha dereva kushika simu akiwa anaendesha kiandikwe wazi katika Sheria ya Usalama Barabarani, kiwe kosa kamili hata kama hakuna aliyegongwa, na adhabu yake iguse leseni kabla ya kugusa mfuko. Sheria mama tunayoitegemea ni Namba 30 ya mwaka 1973. Aprili ya mwaka huohuo ndipo mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipopiga simu ya kwanza ya mkononi akiwa amesimama mtaani New York. Ujumbe mfupi wa maneno wa kwanza ulitumwa Desemba 1992, na simu hizi zikaanza kuingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Waliotunga sheria ile hawana lawama, kwani hakuna anayekataza asichokijua. Waliandika makosa ya uendeshaji wa hatari na uendeshaji usio na uangalifu, wakaamini maneno hayo mapana yatabeba kila upuuzi ambao dereva anaweza kuubuni. Sheria imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, lakini msingi wake ni uleule: upime namna chombo kinavyokwenda, na matokeo yake, ndipo umhukumu aliyekishika.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Dereva anayesoma meseji kwenye barabara iliyonyooka haonekani kuendesha vibaya. Gari lake lipo upande wake, mwendo wake ni halali, taa zinawaka. Ukimhukumu kwa namna chombo kinavyokwenda, hana kosa mpaka pale mtoto anapovuka au ng'ombe anapochepuka. Kosa likishaonekana, tayari kuna maiti au mtu aliyevunjika nyonga, na hapo linaitwa uzembe kama uzembe mwingine wowote. Ni kweli askari wa trafiki huwasimamisha madereva walioshika simu na kuwaandikia faini ya papo kwa papo. Lakini faini hiyo ni Sh30,000, kiwango kilekile anacholipa dereva kwa makosa mengine ya kuandikiwa barabarani, yawe makubwa au madogo. Kwa bodaboda na bajaji ni Sh10,000, baada ya Bunge kuishusha katika bajeti ya mwaka 2021/22. Makosa yote yakiuzwa kwa bei moja, dereva anajifunza kwamba yote yana uzito mmoja, na kwamba kuchati kwenye mteremko ni sawa tu na kasoro ndogo ya gari ambayo angeirekebisha kesho gereji.

Uzito haufanani, na ushahidi wake si wa jana. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, walichambua kumbukumbu za simu za madereva 699 waliokuwa wamepata ajali, wakakuta kwamba hatari ya kugonga huongezeka takriban mara nne dereva anapokuwa kwenye simu. Mwaka 2005 utafiti mwingine, wa Perth, Australia, uliohusu madereva 456 waliofikishwa hospitali, ulifikia kiwango hichohicho cha mara nne. Huko kote kilichopimwa zaidi ni kuongea. Kuandika ni balaa jingine. Taasisi ya usafirishaji ya chuo cha Virginia Tech, Marekani, ilifunga kamera ndani ya malori na mwaka 2009 ikatangaza kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe yuko kwenye hatari ya kugonga au kukaribia kugonga mara 23 kuliko yule ambaye hashiki kitu. Kamera zilionyesha sababu: katika kila sekunde 6, macho yake hayakuwa barabarani kwa sekunde 4.6. Tuzilete sekunde hizo kwetu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 100 katika muda huo, urefu wa uwanja wa mpira, bila anayeangalia mbele. Hata kwa mwendo halali wa kijijini, kilomita 50 kwa saa, ni mita 64, umbali unaotosha kupita geti la shule, duka, na kundi la watu wanaosubiri usafiri.

Kuna watakaosema hizo ni habari za barabara kuu za Ulaya na Marekani, si za huku ambako gari likipita watoto hulishangilia. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, lami ilipoishia mbali. Leo lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, imekwisha kuwekwa, na tunaishukuru serikali kwa hilo bila unafiki. Barabara hiyo inashuka kutoka nyanda za kahawa za Umatengo hadi usawa wa ziwa, tofauti ya zaidi ya mita 800, kwa kona zinazofuatana zikiwa na mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Barabara ya vumbi ilikuwa na adabu yake: mashimo yalimlazimisha dereva kushika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, apende asipende. Lami imeuachia huru mkono mmoja, na mkono huo umepata kazi. Tena mtandao wa simu milimani huja na kuondoka. Dereva hupita sehemu isiyo na mawimbi, kisha akitokeza kwenye kona iliyo wazi meseji zote zilizokuwa zimekwama humwagika kwa mpigo, na simu hulia mfululizo mahali ambapo alihitaji utulivu kuliko pote.

Mzigo nao umebadilika. Tangu makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kusafirishwa kwa wingi kuelekea bandari ya Mtwara, barabara ya kutoka Mbinga kwenda Songea imekuwa njia ya malori makubwa yanayopishana na bodaboda, baiskeli na watoto wa shule. Ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay unaendelea, na lengo lake lililo wazi ni kuleta shehena zaidi kwenye ushoroba huu wa Mtwara, zikiwemo za kwenda na kutoka Malawi. Upande wa ziwa, dagaa na mbasa hupanda kwenda Mbinga kwa pikipiki, na wenye pikipiki hizo wanaishi kwa simu: mteja anapiga, mwenye samaki anapiga, malipo yanaingia kwa simu. Hadi Kihagara, Liuli na Lituhi, ambako kwa sehemu kubwa barabara bado ni ya udongo, anayeendesha huku simu imebanwa kati ya sikio na kofia si kituko tena. Na akianguka huku mwambaoni, majeruhi mahututi atapandishwa milimani kwa barabara hiyohiyo kutafuta hospitali kubwa zaidi Mbinga au Peramiho. Umbali huo ni sehemu ya ajali, ingawa haumo kwenye ramani inayochorwa na askari.

Mtasema serikali haijalala, na ni kweli. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi ya masafa marefu kwa vifaa vinavyotuma taarifa za mwendo, na basi likizidisha kasi kuna anayeliona kwenye kompyuta. Ni hatua ya maana, imewapunguzia wengi kiherehere cha kushindana. Lakini tazameni kile ambacho chombo hicho hakioni. Dereva akiwa kwenye kilomita 79 kwa saa huku anatazama video aliyotumiwa, mfumo utamsoma kuwa mtu safi kabisa. Tumejifunza kupima gari, hatujaanza kupima macho ya anayeliendesha. Mwendokasi una kipimo, pombe ina kipimo, simu imeachwa kwenye hisani ya dereva mwenyewe.

Mkikubali kuandika kosa hili, naomba mwangalie sana maneno yatakayotumika, kwa sababu wenzetu wameumbuliwa na maneno. California ilikuwa na sheria iliyopiga marufuku kutumia simu kwa kushika mkononi. Dereva mmoja wa Fresno akakamatwa akitazama ramani kwenye simu wakati wa foleni, akakata rufaa, na mwaka 2014 mahakama ikamwachia: sheria, walisema majaji, ilikusudia kusikiliza na kuongea, na ramani si maongezi. Ikabidi jimbo litunge sheria pana zaidi, iliyoanza Januari 2017. Uingereza yalitokea hayohayo. Walikataza simu ya mkononi tangu Desemba 2003, lakini kwa lugha iliyohusu mawasiliano, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema dereva aliyepiga video ya ajali akiwa kwenye usukani hakuwa amevunja kifungu hicho, maana hakuwa akiwasiliana na mtu. Ilichukua hadi Machi 2022 kuziba tundu hilo, na sasa sheria yao inashika kitendo cha kutumia simu iliyo mkononi, iwe kwa kupiga picha, kupekua nyimbo au kucheza. Kenya nayo, katika kanuni zake za makosa madogo za mwaka 2016, inalitaja kosa la dereva kutumia simu gari likiwa kwenye mwendo, kwa faini ya Sh2,000 za Kenya. Funzo la California na Uingereza ni kwamba tusiandike "kuongea na simu" wala "kutuma ujumbe". Tuandike kushika au kubofya simu, kwa sababu yoyote, injini ikiwa inawaka na chombo kipo barabarani. Programu mpya itabuniwa kila mwezi, lakini mkono utabaki mkono. Apewe nafasi anayepiga simu ya dharura akiwa hana pa kusimama salama, na asiguswe aliyeifunga simu kwenye dashibodi kwa ajili ya ramani bila kuibofya. Na kwa kuwa sisi tunalipa kwa simu, isemwe wazi kwamba anayelipa mafuta au nauli akiwa ameegesha hana kosa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ombi langu inatoka kwa watafiti, si kwa madereva. Mwaka 2010 taasisi moja ya Marekani inayochambua madai ya bima ililinganisha majimbo manne kabla na baada ya kupiga marufuku meseji kwenye usukani, ikakuta madai ya ajali hayakupungua. Mahali pengine yaliongezeka kidogo. Maelezo yaliyotolewa ni ya kibinadamu kabisa: dereva aliyezoea kuinua simu juu ya usukani, akiogopa askari, huishusha mapajani, na macho yake huenda mbali zaidi na barabara. Sipuuzi matokeo hayo, na anayeleta muswada bila kuyajibu atakuwa anaongeza karatasi tu. Jibu lake lilipatikana huko huko. Kati ya mwaka 2010 na 2011 miji ya Hartford na Syracuse iliendesha operesheni za wiki chache zikirudiwa mara kadhaa, askari wakiwekwa mahali pa juu au kando ya foleni ili waone ndani ya magari, na matangazo ya redio yakitangulia kila awamu. Matumizi ya simu mkononi yalishuka kwa asilimia 57 Hartford na kwa takriban theluthi moja Syracuse. Sheria ilikuwepo kabla. Kilichoongezeka ni uhakika wa kukamatwa. Basi la kwetu lina viti virefu na madirisha mapana, na abiria hamsini wanaomwona dereva vizuri kuliko askari yeyote. Kama sheria itaukubali ushahidi wa abiria uliothibitishwa, na namba ya kuripoti ikabandikwa mbele ya kila kiti, mapaja ya dereva hayatakuwa maficho tena.

Hoja ya pili inasemwa vijiweni kwa sauti kubwa, na viongozi huwa hawapendi kuijibu: kila kosa jipya ni mlango mpya wa rushwa. Wanaosema hivyo hawajakosea. Faini ikipandishwa kutoka Sh30,000 hadi Sh200,000, aliyeshikwa atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kumalizana kichakani, na askari mwenye tamaa atakuwa na kitu kikubwa zaidi cha kuuza. Kwa sababu hiyo siombi faini kubwa. Naomba adhabu isiyopangiwa bei barabarani: alama kwenye leseni, zinazoingizwa kwenye mfumo papo hapo pamoja na namba ya askari aliyeandika, na zikifika kiwango fulani leseni isimame kwa miezi kadhaa. Uingereza, kosa hili moja linabeba alama sita, na dereva mwenye leseni ya chini ya miaka miwili huipoteza kwa kosa hilohilo moja. Tajiri hujali kidogo faini, hujali sana kupokonywa usukani. Naye maskini hatauza mbuzi kulipa, ila atajua kwamba leseni yake ndiyo jembe lake. Mfumo wa alama umezungumzwa nchini kwa miaka; kosa la simu lingekuwa mahali pazuri pa kuuanzia kwa vitendo.

Vijana wa bodaboda wana hoja yao, na ni ya haki kuliko tunavyoipa heshima. Simu ndiyo ofisi yao. Asiyepokea, mteja anampigia mwingine. Lakini angalieni kinachoombwa: hakuna anayetaka simu izimwe. Anaombwa asogee kando, aweke mguu chini, apokee. Na anayejua kwamba wenzake wote wanasimama hapotezi mteja, kwa sababu wateja watazoea kusubiri simu irudishwe. Hasara huja pale mmoja anapotii na tisa wanapuuza, na hilo ndilo hasa jambo ambalo sheria inaweza kulisawazisha na ushauri nasaha hauwezi. Halmashauri zisaidie kwa kutenga vituo vya kusimama kwenye kona na miteremko, maana mahali pengine barabara yetu haina hata bega la kuegesha pikipiki.

Kuhusu vipokea sauti vya masikioni, nitasema ukweli ingawa unaipunguzia nguvu hoja yangu. Utafiti wa Toronto haukuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ni salama zaidi kuliko inayoshikwa. Akili inayobishana na mke au tajiri iko kwenye ubishi, mikono iwe wapi iwe wapi. Kwa mantiki hiyo ningeomba vyote vipigwe marufuku. Siombi, kwa kuwa sheria ambayo askari hawezi kuona ikivunjwa huishia kutumiwa kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakozaa chuki. Tuanze na kinachoonekana kwa macho. Ila kwa dereva wa basi, wa gari la shule na wa lori la mizigo ya hatari, ambao wamepewa dhamana juu ya wengine, sioni kwa nini mazungumzo yoyote ya simu njiani yaruhusiwe.

Na tukiwataja matajiri, sheria isimwache dereva peke yake kizimbani. Mara nyingi anayepiga simu ni mwenye gari: umefika wapi, umepakia wangapi, mbona unachelewa. Kampuni inayompigia dereva wake ikijua yuko njiani imeshiriki kosa, na kumbukumbu za simu zinaweza kuonyesha hivyo baada ya ajali. Liandikwe sharti kwamba kila msafirishaji mwenye leseni ya LATRA awe na utaratibu wa mawasiliano kupitia utingo au kondakta, au kwenye vituo. Sharti hilo halina gharama, linahitaji tajiri mwenye subira tu.

Jambo la mwisho ni takwimu, nami sitalirefusha. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani, huku Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, likikadiria kwamba vilizidi 16,000. Kwa pengo la ukubwa huo, hatuwezi kujua simu inachangia kiasi gani, hasa ikiwa kwenye taarifa zinazotangazwa inafichwa ndani ya fungu la uzembe wa dereva. Naomba kila ajali yenye kifo au ulemavu ichunguzwe kwa kuangalia pia kama simu ya dereva ilikuwa ikitumika dakika ile, kwa kibali cha mahakama na kwa kulinda siri za yaliyomo, na matokeo yatangazwe kama yanavyotangazwa ya mwendokasi na ulevi. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja na ikaonekana nimeikuza hatari hii, mtakuwa na haki ya kuifuta hoja yangu kwa namba.

Waheshimiwa wabunge, najua njia ya muswada ni ndefu, na kwamba mawakili, mashirika ya kiraia na mabalozi wa usalama barabarani wamekuwa wakiomba marekebisho ya sheria hii kwa miaka. Lakini mwaka 2021 faini ya bodaboda ilishushwa kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 ndani ya mkutano mmoja wa bajeti, kwa kuwa Bunge liliona vijana wanaumia. Njia hiyo ipo, na mwaipitia kila Juni. Tunaomba kifungu cha simu kifike mezani kabla meli ya kwanza haijaanza kupakua shehena katika bandari mpya ya Mbamba Bay na malori hayajaanza kuupanda mlima.

Wenu,
Mkazi wa Kihagara, Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma